Jezi Namba Tisa

Mimi si mtu wa takwimu. Waulize wengine
nani alifunga ngapi, nani alimpora nani mpira.
Mimi ni Walentyna wa chumba cha chini,
mwenye mashine mbili, moja inakohoa,
na msimu huu wote nimeusoma kwenye madoa.

Septemba iliingia na harufu ya rangi mpya.
Jezi kumi na mbili, kijani cha chupa,
jina la kiwanda cha madirisha kifuani,
na wasichana warefu wakiinama mlangoni pangu
kuuliza kwa adabu: "Mama, soksi tuziweke wapi?"
Nilicheka. Miaka ishirini na miwili
nilichora ukingo wa dhahabu kwenye sahani za kauri,
pumzi nimeibana, mkono hautikisiki,
hadi kiwanda kikafungwa, kama migodi ya Wałbrzych kabla yake.
Sasa vyombo vyangu ndivyo hivi.

Oktoba tulishinda mechi tatu, mji ukavimba kichwa.
Mwoka mikate akakataa pesa ya Deshawna,
akamwongezea na donati ya jamu.
Novemba tukapigwa tano mfululizo,
akaanza kumhesabia chenji hadi senti ya mwisho.
Mcheza kwao hutunzwa, sawa.
Na aliyetoka Alabama kuja kuchezea kwetu,
kwenye ukungu huu wa makaa, atunzwe na nani?
Nilimpa soksi za sufi za marehemu mume wangu.
Zilimtosha.

Disemba. Halszka, nahodha, namba tisa,
aliruka kuufuata mpira uliogonga ubao,
akatua juu ya mguu wa mtu.
Watu elfu mbili wakanyamaza,
nikasikia friji ya vinywaji ikinguruma.
Jezi yake ililetwa chini ikiwa na joto bado.

Nikaifua. Wiki iliyofuata nikaifua tena,
na iliyofuata, pamoja na zile kumi na moja.
Kocha Ireneusz akanikuta naianika:
"Hiyo mbona safi? Haijavaliwa."
Nikamjibu sabuni ni bei rahisi.
(Si kweli. Sabuni ilipanda mara mbili Januari,
mwezi ule mshahara ulipochelewa
na Jovana akamenya viazi jikoni kwa mkahawa wa kituoni
bila kumwambia yeyote ila mimi,
kwa kuwa niliona wanga kwenye mikono ya fulana yake.)

Februari sina la kusema. Damu ya pua ya Kinga.
Kahawa ya kocha, aliyoirusha, akaomba radhi.
Saa nane ndani ya basi kwenda, saa nane kurudi,
katikati yake kichapo cha pointi thelathini.

Halafu Aprili, mechi ya mwisho:
tushinde, au tushuke daraja.
Sitini kwa sitini, sekunde moja imebaki,
na mitupo miwili huru mkononi mwa Oliwia,
miaka kumi na tisa, kucha zote amezitafuna.
Wa kwanza ukagonga chuma ukaenda zake.
Wa pili ukapanda ukingoni ukaanza kuzunguka,
na mimi nikabana pumzi kama zamani,
nikauzungusha kwa jicho, polepole,
kama brashi inavyofuata mdomo wa sahani,
usitikisike, usitikisike,
mpaka duara likafunga, nao ukazama.

Hatukupata kombe. Tulipata mwaka mmoja.

Mwezi Mei Halszka akashuka ngazi zangu,
moja, apumzike, ya pili, apumzike.
Akaichukua namba tisa, akaiweka kando ya ya Kinga
iliyocheza mechi zote.
Akatazama kijani hiki, akatazama kijani kile,
kimepauka na hiki kimepauka,
hakuna kilicho kipya kumzidi mwenzake.
Alikaa kimya muda mrefu, mashine ikikohoa.
Kisha akaketi kwenye ndoo iliyopinduliwa,
akavua viatu, akavua soksi, zimelowa jasho,
akaniuliza aziweke wapi.